Mkono wa Mshika Usukani: Mashine Ilijifunzaje Kuongoza Chombo?

Msomaji, siku ukipata kiti cha mbele kwenye lori linalotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, hebu acha kuangalia barabara. Angalia mikono ya dereva. Mkikaribia Igawa, kwenye vile vipande vilivyonyooka, utaona jambo la ajabu kidogo: kona hakuna, lakini mikono haitulii. Kushoto kidogo, kulia kidogo, inarudi, inashika. Ukimuuliza dereva anafanya nini, atakwambia, "Naendesha tu."

Hiyo "naendesha tu" ndiyo habari yetu ya leo. Kuna watu walitumia miaka mingi kuielewa, na walianza na meli, siyo magari. Sisi wa Igawa tuko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini ukivumilia hadi mwisho utaona kwamba hesabu yake tunayo kwenye mifereji yetu ya mpunga.

Tuanze na maneno. Leo ukisema "rubani" kila mtu anafikiria ndege. Neno hilo ni la bahari, limetujia kutoka Kiarabu, na rubani wa kwanza alikuwa mtu wa kuongoza chombo majini. Na "mwalimu" je? Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, mwalimu alikuwa yule anayejua nyota, pepo na njia. Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akielekea India akiwa na mtu wa namna hiyo, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Vitabu vingi vya zamani vinasema mtu huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa Uarabuni, ila wanahistoria wengi sasa hawakubali. Mwandishi Mreno João de Barros alimwita Mwislamu wa Gujarat, jina lake Malemo Cana. Lisome tena taratibu: Malemo. Kumbe ni "mwalimu" huyohuyo! Wareno walidhani cheo ni jina.

Sasa, chomboni mwalimu hakuwa peke yake. Yeye alisema tunaelekea wapi. Mwingine alikaa shetri, ameshika kana, yaani ule mti unaogeuza usukani, akihakikisha omo halitoki kwenye nyota waliyopewa. Kazi ya kwanza ni elimu, ilisifiwa na kuandikiwa vitabu. Kazi ya pili ilionekana ni ya mkono tu, na vitabu havikumjali sana aliyeifanya. Lakini mwalimu akikosea kidogo, kesho unarekebisha. Mshika kana akisinzia kwa dakika chache, chombo kinageuka, tanga linapigwa upepo kwa upande usiotakiwa, na foromali linaweza kuua mtu.

Ndiyo maana wazo la kumpumzisha huyu wa pili ni la zamani. Njia rahisi ni kuufunga usukani kwa kamba na kupanga matanga mpaka chombo kijishikilie chenyewe. Aliyeonyesha hilo vizuri kuliko wote ni Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, katika chombo chake kilichoitwa Spray. Mwaka 1897, kwenye Bahari yetu hii ya Hindi, alitoka Thursday Island hadi visiwa vya Cocos, maili za baharini 2,700 kwa siku 23. Aliandika kwamba katika siku zote hizo hakushika usukani zaidi ya saa tatu.

Lakini Spray ilikuwa na umbo lililosaidia, na upepo ulikuwa wa kutulia. Meli ya chuma yenye injini haina matanga ya kupanga. Hapo ndipo mashine zilipoingia. Miaka ya 1920 kampuni ya Elmer Sperry ilianza kufunga kwenye meli kifaa kilichotumia dira ya jairo na mota kuushika usukani. Mabaharia wakakibatiza jina: Metal Mike, yaani Mike wa chuma. Kilifanya kazi, lakini swali lilibaki: kwa nini kinafanya kazi? Na kwa nini mtu mzoefu bado anamzidi?

Aliyelijibu ni Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani mwaka 1918. Alichofanya ni kile nilichokuomba ufanye kwenye lori: aliwaangalia washika usukani. Mwaka 1922 akachapisha makala ya hesabu akionyesha kwamba mkono wao unajibu mambo matatu kwa wakati mmoja. Twende taratibu, na twende nayo Igawa.

La kwanza ni kosa la sasa hivi. Lori limeegemea kulia kwa hatua moja, unalirudisha kushoto kidogo. Limeegemea kwa hatua mbili, unarudisha zaidi. Hili hata mtoto anajifunza kwa siku moja.

La pili ni kosa lililolimbikizana. Fikiria upepo wa pembeni unakusukuma bila kuacha. Ukirudisha lori na kuunyoosha usukani, linasogea tena. Dereva mzoefu akiona hivyo mara tatu, nne, anaushika usukani ukiwa umepinda kidogo kuelekea kwenye upepo na anaendelea hivyo kilomita nzima. Mkono wake umekumbuka yaliyopita.

La tatu ndilo gumu: kasi ya kosa kubadilika. Hapa acha lori, twende kwenye mfereji. Unafungua geti, maji hayafiki shambani palepale. Yule mgeni anaona jaruba bado kavu, anafungua zaidi. Maji yanakuja yote, tuta linapasuka. Mzee wa mfereji anaangalia maji yanavyopanda, na yakianza kupanda haraka anapunguza geti hata kama jaruba halijajaa. Meli nayo ni hivyohivyo kwa sababu ni nzito. Ukisubiri omo lifike mahali pake ndipo uunyooshe usukani, litapitiliza. Mshika usukani mzuri anaurudisha usukani mapema, meli ikiwa bado inageuka.

La sasa, lililopita, linalokuja. Minorsky aliyaandika hayo matatu kama mlinganyo mmoja, na mwaka 1923 mashine yake ikajaribiwa kwenye manowari ya USS New Mexico. Ilipotumia mambo mawili ya mwanzo, meli iliyumba kama nyuzi 2 kila upande. Lilipoongezwa la tatu, kuyumba kulishuka hadi moja ya sita ya nyuzi, bora kuliko washika usukani wengi.

Unadhani jeshi la majini liliichukua palepale? Hapana. Mabaharia waliikataa, na mradi ukaachwa. Ni rahisi kuwacheka, lakini jiweke mahali pao. Mtu amekuja, amekaa nyuma yako, ametazama mikono yako, halafu amerudi na sanduku linalofanya kazi yako. Ujuzi ulikuwa wako na jina kwenye makala ni lake. Mlinganyo ule leo unashika joto la matanuri ya viwandani na mwendo wa roboti, lakini jina hata moja la mshika usukani aliyetazamwa halimo kwenye vitabu vya chuo.

Kwa vyombo vidogo vya matanga, ukombozi wa kwanza haukutumia umeme. Mwaka 1960 watu watano walishindana kuvuka Atlantiki, kila mmoja peke yake chomboni. Mmoja wao, Blondie Hasler, aliyelianzisha wazo la mashindano hayo, alitumia bawa dogo linalosomwa na upepo na kuugeuza usukani. Francis Chichester, mshindi wa siku 40, naye alikuwa na bawa lake. Baadaye vifaa vya elektroniki vilipopungua bei na ukubwa, mashine ya aina ya Minorsky ikashuka chini ya sitaha ya mashua za kawaida.

Ukiifunga leo, utakutana na historia yote hii kipande kwa kipande. Kuna kihisio cha dira, kinachowekwa mbali na chuma, spika na nyaya nene ili kisidanganyike. Hicho ndicho jicho kwenye nyota. Kuna kihisio cha pembe ya usukani, kinachouambia ubongo wa mashine mkono uko wapi. Kuna mkono wenyewe, bomba la kusukuma na kuvuta linaloshika mhimili wa usukani kwa chini. Ukuta unaofungiwa bomba hilo lazima uimarishwe, maana bahari ikichafuka nguvu inayopita hapo ni kubwa. Halafu unaizungusha mashua taratibu kwenye maji matulivu ili dira ijifunze chuma cha chombo, na unarekebisha yale mambo matatu mpaka usukani uache kuhangaika.

Ila kitu kimoja hukifungi: macho. Mashine inashika nyuzi ulizoipa hata kama mbele kuna ngalawa ya mvuvi isiyo na taa. Mvuvi huyo hajui kama kwenye usukani kuna mtu au bomba. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini, kanuni ya 5, zinakitaka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio muda wote. Mashine imepokea kazi ya yule wa kana. Kazi ya mwalimu, na lawama ya nahodha, bado ni ya mtu.

Kwa hiyo ukipita Igawa ukamwona mzee amesimama kwenye mfereji, mkono juu ya geti, anatazama maji yanavyopanda na wala haonekani kufanya chochote, mpe salamu yake. Anapiga hesabu ya Minorsky. Na ukipata muda, muulize jina lake, uliandike.