Unix Iliyosafiri kwa Sidii
Wengine huanza historia ya kompyuta Kenya na Mombasa mwaka wa 2009, kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika pwani. Kwa Turkana, mwanzo huo unapotosha. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama matoleo ya Linux, ilikuwa ikisafiri bila kebo tangu zamani: toleo la Debian 3.1 la 2005 lilijaza sidii zaidi ya 10, na lile la Ubuntu lilitosha kwenye moja, ambayo kampuni yake, Canonical, iliituma bure kwa posta hadi 2011. Hata Lokori, kando ya Mto Kerio, amri moja, apt-cdrom add, ingetosha: kompyuta isome orodha ya programu kwenye diski, kisha uzisakinishe bila intaneti.

Utaambiwa simu za Android zimeufunga mjadala huu wa sidii, kwani nazo zinaendeshwa na Linux. Ni kweli, ila simu haimpi mwenyewe mamlaka kamili juu ya mfumo, na fundi hujifunza kwa kufungua. Pingamizi zito zaidi ni umeme. Hilo nalikubali kabisa: hata Lodwar, mji mkuu wa Turkana, ilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kwa hiyo anayetafiti historia hii afuate jenereta kabla ya kebo.