Ile Saundi ya Kwenye Bodi

Kaseti ya babu ilikatika mara ya pili kuichezesha. Mara ya kwanza ilicheza dakika 45 nzima bila shida, ila kompyuta haikunasa hata neno moja. Waya wa redio ya kaseti nilikuwa nimeuchomeka kwenye kadi ya sauti niliyonunua mtumba hapa Machakos. Kumbe programu ilikuwa inasikiliza saundi nyingine, ile iliyokuja na bodi, ambayo haikuwa imechomekwa kitu. Nikabaki na "shhh" ya dakika 45.

"Si ungetoa hiyo ya bodi kwanza," fundi akaniambia.

Kutoa vipi sasa? Chipu yenyewe ni ndogo kama ukucha na imechomelewa kwa risasi. Ukiibandua, unaweza kuua bodi nzima. Alimaanisha kuizima kwenye BIOS, lakini mafundi wa umri wake wote husema "kutoa", na neno hilo lina historia.

IBM PC ya 1981 ilikuwa na kispika cha kulia "pii" tu. Aliyetaka muziki alinunua kadi: AdLib ya Kanada mwaka 1987, kisha Sound Blaster mwaka 1989 kutoka Creative, kampuni ya Sim Wong Hoo wa Singapore. Shida ni kwamba kila kifaa kilihitaji njia yake ya kubisha hodi kwa prosesa. Njia zilikuwa 16 pekee, nyingi zilishachukuliwa, na ulichagua yako kwa kuhamisha vijipini kwenye kadi. Sound Blaster za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye njia ya 7, ambayo ndiyo ya printa. Wawili wakibisha mlango mmoja, mashine inaganda. Kwa hiyo bodi zilipoanza kuja na saundi yake, mwenye kuongeza kadi alilazimika kuizima ya kwanza ili njia ipatikane. Haukuwa ushirikina.

Halafu ikaja PCI, vifaa vikaweza kushiriki njia moja, na Windows 95 ikaanza kugawa namba yenyewe. Intel ikatoa AC'97, saundi ya kwenye bodi ikawa rahisi mno hata kompyuta karibu zote zikawa nayo. Sababu ya ushauri ikafa, ushauri ukabaki.

Na bado naufuata, kwa sababu tofauti kabisa: ukiwa na saundi mbili, kompyuta haijui unataka isikilize kwa sikio gani. Inachagua, tena haikuulizi. Lakini kuizima tu, jamani, sio kuing'oa. Kadi yangu ni ya enzi za Windows XP. Siku nikiweka Windows mpya nikose draiva yake, hiyo chipu ninayoidharau ndiyo itanisitiri.

Basi nikaingia BIOS, nikaizima, nikarekodi sekunde kumi za majaribio na kuzisikiliza (hatua ambayo ingeniokoa tangu mwanzo). Utepe nikauunga kwa selotepu na kipini cha nywele cha shangazi.

Sasa ninayo sauti yake. Kuna mahali babu anaanza kusema ni mbuzi wangapi alipeleka kwa akina nyanya, kisha utepe unaruka, na watu tayari wanacheka.