Jinsi ya kukadiria nguvu za upepo kwa uzani na kasi ya hewa

UPEPO hauna mkono wala bega, lakini huweza kung’oa paa la darasa na kulitupa katika shamba la jirani. Visa vya aina hii vimezoeleka humu nchini, hasa mvua inapokaribia, hata havitushangazi tena. Hata hivyo, yafaa kuuliza kitu chepesi kama hewa hupata wapi nguvu za kuishinda misumari. Jibu hupatikana kwa kalamu na karatasi, na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu.

Kwanza, hewa si nyepesi kama tunavyodhani. Katika usawa wa bahari, Mombasa kwa mfano, hewa inayojaa sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja ina takriban kilo 1.2. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina kilo 36 za hewa. Hatuzihisi kwa kuwa zimetulia.

Zikianza kwenda, mambo hubadilika. Mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton alieleza katika kitabu chake cha 1687 kwamba kila kitu kiendacho kina kiasi cha mwendo, kinachopatikana kwa kuzidisha uzani wake kwa kasi yake. Wanafizikia hukiita momenta. Ili kitu hicho kisimame, sharti kisukumwe kinyume kwa muda fulani. Nguvu hizo zikizidishwa kwa muda huo, tunapata msukumo, nao huwa sawa kabisa na momenta iliyopotea. Ndiyo sababu kipa hodari huirudisha mikono nyuma anapodaka mpira: muda ukirefuka, nguvu zinazompiga hupungua.

Ukuta hauna hila ya kipa. Tena upepo si mpira mmoja, bali ni mfululizo wa hewa usiokatika. Kwa hivyo tunahesabu momenta inayoufikia ukuta kila sekunde, na kiasi hicho ndicho nguvu zenyewe.

Tuchukue bango la matangazo lenye eneo la mita 10 za mraba, na upepo wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Katika sekunde moja, bango hufikiwa na mkondo wa hewa wenye urefu wa mita 20. Mita 20 mara 10 ni mita 200 za ujazo, ambazo zina kilo 240 za hewa. Kilo 240 zikizidishwa kwa kasi ya 20, tunapata 4,800. Iwapo hewa yote itapoteza mwendo wake wa kwenda mbele, bango litasukumwa kwa nguvu za nyutoni 4,800, ambazo ni karibu sawa na uzito wa kilo 490.

Sasa kasi iongezeke maradufu, ifike mita 40 kwa sekunde. Wengi watakisia kwamba nguvu nazo zitakuwa maradufu. La hasha! Hewa inayofika kila sekunde ni kilo 480, na kila kilo inakuja kwa kasi ya 40. Jumla ni nyutoni 19,200, yaani mara nne. Kasi huhesabiwa mara mbili, kwanza katika wingi wa hewa, kisha katika mwendo wake, na hapo ndipo makadirio ya macho hupotea.

Ni kweli kwamba hesabu hii hukuza mambo kidogo. Sehemu ya hewa hulizunguka bango bila kusimama, na nyuma yake hutokea mvuto unaolivuta. Vipimo huonyesha kuwa kwa ubao bapa, nguvu halisi ni takriban asilimia 60 ya tulizopata. Isitoshe, hewa ya Nairobi ni nyembamba kuliko ya Mombasa, karibu kilo moja kwa kila mita ya ujazo, hivyo upepo wa kasi ile ile husukuma kwa nguvu pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Lakini sheria ya mara nne haibadiliki.

Waliopuuza upepo walilipa kwa maisha ya watu. Usiku wa Desemba 28, 1879, sehemu ya kati ya daraja la reli la Tay, Uskoti, iliporomoka wakati wa dhoruba huku gari moshi likipita juu yake. Hakuna abiria aliyenusurika, na waliothibitishwa kufa ni 59. Uchunguzi ulibaini kuwa mhandisi Thomas Bouch hakuwa ameweka akiba maalumu kwa ajili ya upepo, mbali na kasoro za ujenzi na ukarabati. Mnamo 1873, kuhusu daraja jingine alilokusudia kulijenga katika mlango wa Forth, Bouch alikuwa ameshauriwa kwamba shinikizo la upepo kwa daraja zima halingezidi ratili 10 kwa kila futi ya mraba. Hizo ni karibu nyutoni 480 kwa mita ya mraba, sawa na tulizopata kwa bango letu. Baada ya mkasa huo, wahandisi wa Uingereza walitakiwa kutumia ratili 56, na daraja la Forth lililofunguliwa mwaka wa 1890 lilijengwa kwa kipimo hicho.

Kuna wanaozitafuta nguvu hizi kwa hiari. Huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mitambo 365 huipunguzia hewa mwendo na kuugeuza kuwa umeme. Mashine haiwezi kuisimamisha hewa kabisa, kwa kuwa nyingine ingekosa pa kupita. Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba kikomo cha nishati inayoweza kunaswa ni asilimia 59.

Turejee kwenye paa. Hapa upepo hausukumi tu, huinua pia. Mkondo wa hewa upitao juu ya paa hupinda, na shinikizo juu ya mabati hupungua kuliko lililo chini yake. Kwa upepo wa mita 20 kwa sekunde, nguvu za kuinua hukaribia uzito wa kilo 24 kwa kila mita ya mraba, na pembeni huwa zaidi. Bati jembamba la geji 30 halifiki kilo tatu kwa eneo hilo. Tofauti yote hubebwa na misumari, kisha na mbao, kisha na nyaya au vyuma vinavyofunga mbao ukutani, ikiwa fundi aliviweka. Upepo ukiongezeka maradufu, kilo 24 huwa karibu 100. Na madirisha ya upande unakotoka upepo yakiachwa wazi, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka chini.