Vituo vya kutwa kwa watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili

Kituo cha kutwa ni mahali ambapo mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa wa akili hupelekwa asubuhi, akatunzwa na kushughulishwa, kisha akarejea kwao jioni. Si hospitali wala si makao ya kulala. Wanaokihitaji ni wale walioupata ulemavu wao utotoni, kwa mfano kutokana na usonji, mtindio wa ubongo au hali ya Down, na ambao hawawezi kula, kuoga au kwenda msalani bila msaada.

Jijini Nairobi, haja hiyo hujitokeza siku mwanafunzi anapoaga shule. Jacaranda, mojawapo ya shule maalumu kongwe nchini, ipo magharibi mwa katikati ya jiji. Kitengo cha wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, mtaani Ngara, kilianzishwa mwaka wa 2003. Lakini shule ina kikomo. Kijana anayeweza kushika sindano au kutunga shanga huenda akapata nafasi ya kujifunza ufundi. Asiyeweza hurudi nyumbani, na hapo mtu mmoja, aghalabu mama, huacha kazi ili amtunze. Katika chumba kimoja cha kupanga Kawangware au Kangemi, asipoiacha kazi hana budi kufunga mlango kwa nje.

Kituo kizuri hutambulika kwa mambo madogo. Kila mhudumiwa huwa na mpango wake: nani anatafuna polepole na asije akapaliwa, nani anameza dawa ya kifafa saa sita, nani hutishwa na kelele. Wahudumu humgeuza anayeketi kwenye kiti cha magurudumu asipate vidonda, humbadilisha nepi mahali pa faragha kama mtu mzima astahilivyo, na humnyoosha viungo. Baada ya chai kuna bustani, muziki, kupeta mchele au kutembea hadi dukani kununua sabuni. Maendeleo hayapimwi kwa mtihani. Mtu aliyelishwa miaka ishirini akishika kijiko mwenyewe, hilo huandikwa. Kazi ya namna hii hudai mikono mingi, na mishahara ya wahudumu ndiyo gharama kuu.

Nchini Uingereza, halmashauri za mitaa hulazimika kutathmini mahitaji ya mtu mzima kwa mujibu wa sheria ya 2014. Jimboni California, Marekani, huduma hizo zilipata msingi wa kisheria kupitia Sheria ya Lanterman ya 1969. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inamhakikishia mlemavu heshima na utu. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazipa kaunti vituo vya kulelea watoto. Mtu mzima mwenye mahitaji yale yale hatajwi.

Msaada wa serikali ulio wazi zaidi ni Sh2,000 kwa mwezi, zinazotolewa chini ya mpango wa Inua Jamii kwa familia zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mlezi wakati wote. Tuseme kituo kiko wazi siku 22 kwa mwezi. Mlezi hupanda matatu mara nne kwa siku, kumpeleka na kumchukua. Anayepelekwa hupanda mara mbili. Hizo ni safari 132, yaani takriban Sh15 kwa kila safari, kabla ya karo na nepi. Isitoshe, kiti cha magurudumu hakiingii kwa urahisi katika matatu ya asubuhi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka mitano na zaidi. Kati yao, 212,798 walikuwa na ugumu wa kukumbuka au kumakinika, idadi inayochanganya wazee waliopoteza kumbukumbu na vijana waliozaliwa na ulemavu.

Mlezi anayetafuta msaada huanza kwa tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina afisi katika barabara ya Waiyaki, Westlands. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilibadilishwa na mpya mwaka wa 2025.