Aliyeimba ni Nani: Nargis au Lata?

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Leo somo letu la historia latoka katika sinema.

Katika miaka ya 1950, mtu wa Kibaha au Kisarawe aliyekwenda Dar es Salaam, akiisha kumaliza shughuli zake, aliweza kukata tiketi akaingia sinema ya Avalon au Empire kutazama filamu ya Kihindi. Filamu moja iliyopendwa mno, Dar es Salaam na Unguja pia, ni Awara, iliyotolewa mwaka wa 1951. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, lakini nyimbo walizishika. Mwanamke mkuu katika filamu hiyo alikuwa Nargis. Watu walimwona akifumbua kinywa, wakasikia sauti nyororo. Wakasema, "Mwanamke huyu ana sauti!"

Je, sauti ile ilikuwa yake? La, haikuwa yake. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar. Wanawake hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1929. Mmoja alitoa uso, mwingine alitoa sauti. Hata Raj Kapoor, mwanamume mkuu wa filamu hiyo, hakuimba mwenyewe. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa na Mukesh.

Sasa mtauliza, jambo hili lilifanywaje? Filamu ya kwanza ya Bara Hindi yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwaka wa 1931. Mji huo siku hizi huitwa Mumbai. Wakati ule mchezaji alikuwa lazima aimbe mwenyewe mbele ya kamera, na wapigaji wa muziki wakijificha karibu, wasionekane. Ilikuwa kazi ngumu, na si kila mchezaji mzuri alikuwa mwimbaji mzuri. Mwaka wa 1935 huko Calcutta njia mpya ilianza kutumika. Mwimbaji aliimba kwanza ndani ya chumba, na sauti yake ikanaswa kwa mashine. Baadaye wimbo ulipigwa kwa kipaza sauti mahali pa kuchezea, na mchezaji akafuatisha maneno kwa midomo. Mwisho picha na sauti viliunganishwa pamoja.

Je, huu ni udanganyifu? Fikirini fundi seremala na fundi wa kupaka rangi. Wakitengeneza mlango pamoja, hakuna aliyedanganya. Lakini mmoja akisifiwa peke yake, na jina la mwenziwe likafichwa, hapo mtu amedhulumiwa.

Na kweli majina yalifichwa. Mwaka wa 1949 ilitoka filamu iitwayo Mahal. Mchezaji alikuwa Madhubala, na mwimbaji alikuwa Lata. Lakini santuri ya wimbo wake mkubwa ilipouzwa, haikuandikwa Lata wala Madhubala. Iliandikwa Kamini, jina la mtu wa hadithini! Wasikilizaji wakaiuliza redio ya Bara Hindi: mwimbaji huyu ni nani? Wakaulizwa wenye santuri, na ndipo jina la Lata likatangazwa.

Lata mwenyewe hakunyamaza. Mwaka wa 1957 watunga muziki wa filamu ya Chori Chori walipewa tuzo ya Filmfare. Tuzo ni zawadi ya heshima. Walimwomba Lata aje kwenye sherehe aimbe wimbo mmoja wa filamu hiyo, ambao katika picha ulionekana kinywani mwa Nargis. Lata alikataa, kwa sababu waimbaji hawakuwa na tuzo yao. Mwaka wa 1959 tuzo ya waimbaji ikaanzishwa, na wa kwanza kuipata alikuwa yeye.

Kwetu Afrika ya Mashariki tunao mfano wa namna nyingine. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye utotoni hakupata kusoma shule, alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Watu wengi walionunua santuri zile hawakupata kumwona uso, lakini waliijua sauti kuwa ni ya Siti, maana jina lake lilikuwa limeandikwa. Nargis alionekana na sauti yake ya kuimba haikusikika. Siti alisikika bila ya kuonekana, na haki yake ya jina haikupotea.

Nargis alifariki mwaka wa 1981, na Lata mwaka wa 2022. Kila mmoja alikuwa hodari katika kazi yake, na kumtaja mmoja hakumpunguzii mwenziwe kitu.

Basi, ndugu zangu, mwone faida ya kusoma. Asiyejua kusoma huona uso tu. Anayejua husoma majina yanayopita katika filamu, husoma karatasi iliyobandikwa katika santuri. Tena msomaji wa kweli, akisoma "Kamini", huuliza: Kamini ni nani?

Sasa shikeni kalamu, mjibu maswali haya.

1. Nani aliimba nyimbo za Nargis katika Awara?
2. Santuri ya Mahal iliandikwa jina gani, na kosa lake ni nini?
3. Andika jina la mtu mmoja wa kwenu ambaye kazi yake huonekana lakini yeye hatajwi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.