Sketi Fupi na Wino wa Magazeti

Katika Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimu kupiga marufuku, tangu Januari 1969, sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Maneno ya azimio yaliwagusa wanaume na wanawake pia, lakini matendo hayakufuata usawa huo. Hata kabla siku ya marufuku haijafika, makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, yakawachania nguo.

Magazeti yalipokea barua nyingi za wasomaji. Baadhi zilitetea marufuku, baadhi zikayapinga. Lakini pande zote mbili zilibishana hasa juu ya mwili wa mwanamke. Msichana wa mjini alichorwa kuwa mvivu mwenye tamaa, alishwaye na mifuko ya wanaume. Karani apigaye taipu kutwa, alaye mshahara wake mwenyewe, alifichwa nyuma ya sura hiyo. Na huenda ndiye aliyeogopwa zaidi, maana hakumtegemea mtu.

Suti na tai zilitoka Ulaya vilevile, wala hazikutiwa katika orodha. Suruali za kubana zilitiwa, kisha zikasahauliwa. Hivyo azimio lililowahusu vijana wote hukumbukwa leo kuwa habari ya sketi. Mshtakiwa mmoja alipewa kurasa zote. Mwenzake akaondoka barazani bila ya kuulizwa jina.