Sarafu isiyo na mwenyekiti

Mkulima wa miwa chini ya milima ya Uvidunda, pale Kidodi na Ruaha, akiona amepunjwa bei anajua pa kwenda. Chama chake cha ushirika, AMCOS, kina mwenyekiti, katibu na mkutano mkuu ambako watu hutupiana maneno mpaka jua linazama. Pesa ya simu ikipotelea njiani, humfuata wakala kibandani. Bitcoin yake ikipotea, atambishia nani hodi?

Aliyeibuni kwa jina la Satoshi Nakamoto alitoa andiko lake Oktoba 31, 2008. Kufikia 2011 alikuwa ameshanyamaza. Wafuasi wakaona pengo, na mwaka 2012 ikaanzishwa Bitcoin Foundation huko Marekani. Wawili kati ya waasisi wake, Charlie Shrem na Mark Karpelès, waliishia mikononi mwa polisi. Taasisi ikafifia.

Kwetu Tanzania ukimya huo ulikuja wakati mbaya. DECI, taasisi ya upatu iliyofungwa na Serikali mwaka 2009, haikukosa wasemaji: ilihubiriwa kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, na watu wakauza hadi vya ndani. Baada ya hapo, yeyote aliyesifia fedha mpya alionekana tapeli, na tuseme kweli, wengi walikuwa hivyo. Novemba 2019 Benki Kuu ikatangaza kwamba sarafu mtandao hazitambuliki nchini. Fedha halali ni shilingi. Bitcoin haikuwa na mwenyekiti wa kumwandikia Gavana barua.

Sauti iliyogeuza upepo ilitoka Ikulu. Juni 13, 2021, akizindua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa sarafu hizo. Msemaji hodari kuliko wote, na hakuna mwenye bitcoin aliyemteua kuisemea.

Wakenya walipita njia nyingine. Mwaka 2013, katika kitongoji cha Bangladesh, Mombasa, wachuuzi walianza kulipana kwa vocha za karatasi, Bangla-Pesa. Kwa kuwa mradi ulikuwa na sura ya kuonekana, polisi walipata wa kukamata: mwanzilishi wake, Will Ruddick, na wenzake watano. Mashtaka yakafutwa mwaka huohuo, na wazo lile baadaye likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali ilipopitishwa huko mwaka 2023, Chama cha Blockchain cha Kenya kiliilalamikia, kikaingia pia katika kuandaa rasimu ya muswada wa sekta hiyo. Mwaka 2025 kodi ikaondolewa, ukawekwa ushuru wa asilimia 10 unaotozwa kwenye ada za huduma tu.

Tanzania nayo iliweka asilimia 3 kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Kijana wa Ruaha akiuza sarafu yake, mwenye jukwaa la mauzo ndiye anayepaswa kumkata na kuipelekea Serikali, kwa sheria iliyokuja miaka mitano baada ya kuambiwa kitu hicho hakitambuliki.